Kitanda cha Mkono wa Kushoto

9 Februari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na mkwe wangu na huyo aliye tumboni anayetusikia bila kujibu. Mimi ni mzima kuanzia utosini hadi unyayoni, ukiondoa kidole gumba cha mkono wa kulia, ambacho nimekifunga kitambaa. Usishtuke. Nilikigonga kwa nyundo, kikavimba, sasa kinanywea. Nimeanza na habari hiyo kwa sababu nikinyamaza, jirani atakupigia yeye na kuitia chumvi.

Najua utasema si ungepiga simu. Simu ni ya kuulizana nani amefika na nani hajafika. Hili la leo linataka kukaa chini.

Mwanangu, mama yako amekuwa seremala.

Usicheke kwanza. Tangu nilipostaafu na kuiacha chaki, mikono yangu ilikuwa haijui iende wapi. Jumamosi moja nilikuwa nakunja nguo mbele ya televisheni, kikaanza kipindi cha useremala. Nikasema ngoja nitazame kidogo, nione mwanangu anashinda akifanya nini huko ugenini. Nguo zile nilikuja kuzikunja Jumatatu.

Sasa watangazaji wao wote nawajua kama majirani. Wa kwanza nimembatiza Tabasamu. Huyo ana meno mengi kuliko msumeno wake. Shati lake halishiki vumbi, kila kazi ina mashine yake, na meza nzima huisha kabla chai yangu haijapoa. Wa pili ni Dada Kelele, hawezi kupiga msumari mmoja bila kujipigia makofi. Huyo namtazama kwa kuchangamka tu. Wa tatu ndiye wangu, Mzee Polepole. Miwani yake imefungwa kwa uzi, anaongea kama mtu anayembembeleza mtoto, na akikosea hafichi. Anasema, "Hapo nimeharibu, tazameni nilivyoharibu." Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumsikia mwalimu mkuu akisema hivyo.

Lakini kabla sijampata Mzee Polepole, niliponzwa na Tabasamu. Alipaka gundi kwenye miguu ya kigoda, akasema, "Tukirudi tutakikalia." Yakaja matangazo ya sabuni, wakarudi, akakikalia. Nami nikapaka gundi yangu, nikasubiri sabuni iishe, nikamkaribisha jirani. Unamjua jirani yetu na mwili wake. Miguu ya kigoda ilikwenda kila mmoja na njia yake, yeye akajikuta chini, kikombe mkononi, chai haijamwagika. Akaniuliza, "Mwalimu, hiki ndicho kigoda au ndiyo mbao zake?"

Karakana yangu ni chumba chako cha zamani. Mkija mtalala kwangu, mimi nitalala sebuleni na televisheni yangu.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Mjukuu wangu anazaliwa Juni, na Desemba mnamleta nimwone. Atalala kwenye kitanda nitakachokiunda mimi, chenye fito pembeni, kwa mikono hii hii. Msinunue kitanda. Nimeshaamua, na unanijua nikishaamua.

Mkwe wangu ale vizuri. Ikiwa ni mwanamume, mwambieni mume wangu namsubiri.

Mama yako.


27 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia nikiwa mzima, nikaimaliza nikiwa mgonjwa. Natania, sote hatujambo. Mke mwenzio, maana siku hizi mkwe wako ndivyo anavyojiita akiongea habari zako, anakula vizuri na ananipeleka mguu pande, mguu sawa. Kidole kinaendeleaje? Kisafishe kwa maji ya chumvi na usikifunge kwa kukibana.

Mama, nimecheka la kigoda mpaka mkwe wako akaja kuniuliza kulikoni. Ila baadaye nikaacha kucheka.

Naomba nikueleze kuhusu hao watu wa televisheni, maana mimi ndiye ninayeishi na matokeo yao. Kwenye karakana yetu tunatengeneza milango na vitanda. Juzi alikuja mteja na mbao alizozikata mwenyewe nyumbani kwa kumfuata Tabasamu wako. Alitaka tumuunganishie kabati jioni ile ile, kwa sababu kwenye kipindi lilichukua nusu saa. Hakuna upande uliolingana na mwenzake. Tulipomwambia, akatuambia sisi ndio hatujui kazi, tukamtazame fundi yule!

Anachoona mtu ni meza imeisha. Haoni mafundi waliosimama nyuma ya kamera, wala aliyeshinda akipiga msasa mpaka mabega yakafa ganzi. Huyo Mzee Polepole simjui, lakini wote ni wale wale. Kazi yao ni kutazamwa. Kazi yangu ni kitu kisimame miaka ishirini nikiwa sipo.

Kigoda kikivunjika, jirani anatania na mambo yanaisha. Kitanda cha mtoto kikivunjika hakuna wa kutania. Fito zikiachana sana, kichwa cha mtoto kinapenya. Kiungo kikilegea, upande mzima unamwangukia. Mama, nakuomba, tengeneza rafu. Tengeneza kisanduku cha kuwekea vijiko. Kitanda nitanunua, au nitaunda mwenyewe hapa na kuja nacho.

Usikasirike. Nakupenda ndiyo maana nasema.

Mwanao.


15 Machi

Mwanangu,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, na wewe ukiwa umepunguza woga. Mimi sijambo. Kidole kimepona, kucha imeanguka, nyingine inachungulia.

Nimekusikia. Lakini unakosea kuwaweka wote kwenye kapu moja. Kusema Tabasamu na Mzee Polepole ni wale wale ni sawa na kusema mwalimu na mpiga debe ni wale wale kwa kuwa wote wanasema kwa sauti. Tabasamu anakuuzia mashine. Ukitazama vizuri, kila mashine anayoshika ameigeuza jina lake likae mbele. Mzee Polepole ana msumeno, randa, patasi na nyundo, basi. Juzi kipindi kizima alinoa patasi. Jirani aliondoka akisema heri atazame maji yakichemka. Mimi sikuinuka. Alipomaliza, alinyoa nayo nywele za mkono wake, akatabasamu kidogo tu, kama mtu aliyekuta alichokipoteza.

Na nikwambie kitu. Nilipokuwa nakusomesha, niliwahi kujua unachokifanya kutwa? Uliniambia unaunda milango, nikasema vizuri, mwanangu anaunda milango. Sasa nikisimama na randa, kiuno kikaanza kuuma, najua kiuno chako kinavyokuuma. Nikiona maranda yanatoka marefu bila kukatika, najua kwa nini ulikuwa unakuja likizo na maranda mfukoni. Hilo nimefundishwa na mzee wa kwenye kioo ambaye hanijui. Sitamsahau kwa hilo.

Kitanda naunda. Nimeshanunua mbao, ngumu na kavu, nimezigonga na kuzisikiliza kama alivyofundisha. Nakuwekea picha aliyonipiga jirani nikiwa kazini, uone kwamba si mchezo. Tazama nilivyosimama.

Mama yako.


2 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo, na habari za huko. Huku sote wazima. Mkwe wako tumbo limekuwa la heshima, anapishwa njiani.

Picha nimeiona. Mama, tangu lini wewe ni mashoto?

Nimeitazama mara ya pili na ya tatu nikidhani imechapwa kinyume. Kumbe hapana, saa yako ya ukutani inasomeka vizuri. Umeshika msumeno kwa mkono wa kushoto! Wewe, uliyeandika ubaoni kwa kulia maisha yako yote! Nikakaa nikafikiri, nikaelewa. Yule mzee anasimama nyuma ya meza yake akikutazama. Mkono wake wa kulia kwako unaonekana upande wa kushoto. Nawe ukamfuata kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Ndiyo maana ulijigonga gumba la kulia, maana nyundo ilikuwa kushoto.

Niliipeleka picha kazini. Mama, mafundi walicheka mpaka bosi akatoka ofisini. Mmoja amekupa jina, anakuita Mama Mashoto, na kila asubuhi ananiuliza Mama Mashoto hajambo. Wamecheka kwa wema, usidhani vinginevyo.

Ila hiki ndicho nilichokuwa nakisema. Mtu wa televisheni hakuoni. Mimi ningekuwa pale ningekugeuza siku ya kwanza. Yeye ameongea na kamera tu, nawe umejifunza kazi nzima kinyumenyume. Anza upya kwa mkono wako wa kulia, taratibu, kwa vitu vidogo. Kitanda tumeshakichagua dukani, cheupe, kizuri.

Mwanao.


20 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, ingawa ni jirani aliyenihakikishia. Anasema anasikia nyundo kila asubuhi, na kwamba ukiulizwa habari zangu unajibu, "Hajambo, yuko huko anacheka."

Nilimhadithia mkwe wako niliyokuandikia kwenye barua yangu ya mwisho, na tangu siku hiyo ananiita Mkaguzi. Anasema picha ya mama haipelekwi kazini ikachekwe. Nimemwambia walicheka kwa wema. Akaniuliza, "Na wewe ulicheka kwa nini?"

Kitanda cha dukani hatujakilipia. Mkwe wako amekataa kwenda kukichukua.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mwanao.


14 Julai

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mtoto anaendelea vizuri, ananyonya kama aliyetumwa. Mama yake ana nguvu. Najua habari hizi unazo zote, kwa sababu mwezi uliopita ulipopiga simu uliongea na mkwe wako mpaka simu ikapata moto, na nilipoishika mimi ukasema, "Salamu zako nimempa mkeo." Sawa, Mama. Nilistahili.

Naandika kwa sababu ya lililotokea Jumamosi.

Karakana yetu ina televisheni ndogo juu ya rafu ya misumari. Mafundi hutazama mpira. Mimi, tangu uninyamazie, nimekuwa nikiwaomba waniachie saa ya Mzee Polepole. Mwanzoni nilitaka kumkamata kwenye makosa, niyaandike, nikutumie. Nilimkuta ananoa patasi. Mama, anainoa vizuri kuliko mimi. Nimekwambia, basi, yaishe.

Jumamosi alianza kipindi tofauti. Kamera haikuwa mbele yake. Ilikuwa nyuma ya bega lake, tunaona mikono yake kama yetu wenyewe. Akasema, "Leo mtaniona kisogo, mnisamehe. Kuna mwalimu mmoja mstaafu ameniandikia barua. Ananiambia amejifunza msumeno kwa mkono wa kushoto kwa sababu mimi nimesimama kumtazama. Ameniambia hivi: mwalimu akitaka mtoto afuate mkono wake, humpa mgongo. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kulifikiria. Kuanzia leo kamera itakaa hapa."

Mama, ile sentensi! Nilikuwa nimekaa mapajani kwako, kalamu kubwa kuliko vidole vyangu, umenishika mkono kwa nyuma, ukasema hayo hayo. Mwalimu humpa mtoto mgongo, au humkalisha mbele yake. Nikajua kabla sijafikiri.

Yule aliyekupa jina akanigeukia akauliza polepole, "Si... Mama Mashoto?" Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama, hakuna aliyenitaka nisimame. Nikasema, "Ndiye. Ni mama yangu mzazi." Wakapiga makofi. Bosi akatoka ofisini tena, safari hii akaniomba nimwoneshe ile picha, akaitazama kwa muda, akasema, "Tazama alivyopanga miguu. Huyu amesimama vizuri kuliko nusu ya watu wangu."

Mimi nilitazama mkono tu, nikacheka. Miguu sikuiona.

Nisamehe, Mama. Na niambie, kitanda kimefika wapi?

Mwanao, Mkaguzi.


30 Julai

Mwanangu mpenzi,

Sasa naweza kukusalimia. Hujambo? Mkwe wangu hajambo? Na huyo binti? Nilitaka mume, nimeletewa mke mwenza, na kwa picha nilizoziona amenizidi uzuri. Nimekubali yaishe. Mimi nina afya ya kugawa.

Hukunikosea kwa kunisahihisha. Nimesahihisha watoto wa watu maisha yangu yote, nitachukia vipi kusahihishwa? Kilichonikata ni kuwaza mafundi wazima wamezunguka picha yangu wanashika mbavu. Mkuki kwa nguruwe. Lakini barua yako ya makofi nimemsomea jirani, nikamsomea na mama wa duka, na yule kijana wa kusoma mita ya maji naye hakutoka bila kusikia. Kwa hiyo tumelipana.

Nilipopoa hasira nilikaa nikajiuliza kama mwalimu. Mwanafunzi mmoja akikosea, ni mwanafunzi. Lakini mimi si mjinga, na nilifuata kila kitu nilichooneshwa. Basi kasoro iko mahali anaposimama mwalimu. Nikamwandikia. Sikumgombeza, nilimweleza tu. Alinijibu kwa mkono wake, mwandiko umelala kama mvua ya upepo. Anasema watazamaji wengi walikuwa wakimwandikia kuuliza kwa nini kazi zao zinatoka kinyume na yake, naye akidhani wanamtania. Kumbe tulikuwa jeshi zima la mashoto wa kutengenezwa!

Nawe ulisema mtu wa televisheni hatuoni. Ni kweli. Lakini huyu alipoambiwa, aligeuka. Tabasamu ningemwandikia angenitumia bei ya msumeno mpya.

Halafu nilijaribu mkono wa kulia, kama ulivyosema. Mwanangu, ulikuwa kama mgeni jikoni, hajui kijiko kiko wapi. Wa kushoto umeshazoea, unakata mstari bila kuulizwa. Nimeuacha uendelee. Wa kulia ulinitumikia kwenye ubao wa chaki, sasa upumzike, ushike mbao.

Kitanda kina miguu na mbao za kichwani na miguuni. Nimefika kwenye fito na hapo nakuhitaji, na sitanii. Niambie umbali wa fito na fito. Niambie ulimi, ile ncha ya mbao inayochongwa, uingie tundu kina gani. Niambie gundi isubiri kiasi gani, maana habari za sabuni zimeshanitosha. Mzee Polepole ni mwalimu wangu, lakini hajawahi kumlea mjukuu wangu. Wewe ndiye fundi wa familia hii, na nataka jibu la fundi, sitaki la mtoto anayemwogopea mama yake.

Mama yako, bado mashoto.


18 Agosti

Mama,

Shikamoo. Sote wazima. Mtoto ameanza kucheka, na jambo la kwanza alilolichekea ni mimi nikigonga kichwa kwenye kabati.

Jibu la fundi ni hili. Chukua kopo la maziwa ya unga, lile dogo. Likipita kati ya fito na fito, umeachanisha mno, rudia. Kila fito iingie kwenye tundu juu na chini, usitegemee msumari. Ulimi wa upande uingie mpaka zaidi ya nusu ya unene wa mguu, na uingie kwa kubanwa. Ukiingia kwa kidole ni mlegevu. Ukiomba nyundo kubwa ni mnene. Uingie kwa kugongwa na ngumi mara chache. Gundi ilale usiku mzima imebanwa na jiriwa, na kesho yake usiiguse kwa uchu. Kona zote za juu zipige msasa mpaka upitishe shavu lako. Utumie shavu, kiganja chako kimeota sugu sasa.

Haya sikuyasoma popote. Nimeyapata kwa kuharibu, kama mzee wako.

Cha dukani tumekiacha. Lakini nakwambia mapema, mtoto hatalala kabla sijakikagua. Nitakitikisa, nitakipindua. Nikiona kasoro nitasema, hata mbele ya jirani.

Mwanao.


5 Novemba

Mwanangu,

Salamu kwenu nyote watatu, na busu kwa mke mwenza. Mimi mzima, ila nimejaa unga wa mbao mpaka kwenye nyusi.

Kitanda kimekwisha. Kopo halipiti. Shavu limepita. Upande mmoja niliuharibu, mbao ikapasuka wakati wa kugonga kwa sababu niliomba nyundo kubwa. Nimeukata mwingine, na ule uliopasuka nimeuning'iniza mlangoni ili nisisahau. Jirani amekatazwa kukikaribia, naye anasema hana haja, sakafu yangu anaijua.

Sikuelezi zaidi. Njoo na macho yako. Njoo na mikono yako pia, ukitikise unavyotaka. Nikwambie ukweli, siogopi. Nadanganya, naogopa kidogo.

Mama yako.


12 Januari

Mwanangu mpenzi,

Natumaini mmefika salama na mke mwenza hakulia njia nzima. Mimi sijambo, nyumba ndiyo inayougua ukimya. Vyungu vyote nilivyopikia watu wanne sasa vinanitazama.

Nataka nikwambie ulivyonitesa.

Ulipoingia chumbani kwangu hukusema salamu kwa kitanda wala kwangu. Ulipiga magoti. Ukakitikisa upande huu, ukakitikisa upande ule. Ukakipindua miguu juu, ukapitisha kidole kwenye kila kiungo, ukanusa gundi. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika kitambaa cha vyombo, na nikwambie, siku ya kwanza kusimama darasani sikutetemeka hivyo. Mkwe wangu alikuwa nyuma yangu, amenishika bega. Kisha ukakisimamisha tena, ukamchukua mwanao mikononi mwa mama yake, ukamlaza. Ukasema, "Haya."

Haya! Ndilo neno pekee nililopata. Marehemu baba yako naye alikuwa hivyo hivyo, chakula kikiwa kitamu anasema "haya" anasogeza sahani. Mlikaa wiki zote zile, mtoto akalala, akaamka, akajiinua akae kwa kushika fito zangu na kuzitafuna kwa ufizi wake, nawe hukunisifu hata kidogo. Nilikuwa najidai sijali. Jirani alinisifu, mkwe wangu akanisifu, mama wa duka alikuja mahsusi kukitazama. Lakini mimi nilitaka la fundi. Mlipoondoka nikajisemea moyoni, hakikumridhisha, ameninyamazia kwa huruma.

Jana nilisogeza kitanda nifagie. Chini yake, nyuma ya mguu wa ukutani, pale begi lako lilipokuwa, nikaokota pakiti. Skrubu ndefu za chuma na vyuma vya kona, vile vya kushikizia kitanda kinacholegea. Vyuma vinne, kwa kona nne. Na bisibisi ndogo mpya imefungwa pamoja navyo kwa utepe. Risiti ina jina la duka la huko kwenu.

Kumbe ulikuja nayo. Ulibeba chuma kutoka huko mpaka hapa ili, mama yako akiwa ameenda sokoni, ukaze kitanda chake kimyakimya asije akaona aibu. Nilikaa sakafuni kama jirani siku ile ya kigoda, nikacheka peke yangu, nikalia kidogo, nikacheka tena. Mwanangu, una moyo.

Pakiti haijafunguliwa. Utepe haujaguswa.

Ulikitikisa, ukakipindua, ukanusa, ukaacha chuma chako kwenye mfuko wake, ukamlaza mwanao juu ya kazi ya mkono wangu wa kushoto na kwenda kunywa chai. Sasa nimelisikia hilo "haya" lako. Nimewapa watoto wa watu maksi maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kunipa mimi kama hizi.

Pakiti sikurudishii. Nimepigilia msumari kwenye ukuta wa karakana, kando ya ule upande uliopasuka, nimeitundika hapo kama ilivyo, mbele ya kila atakayeingia. Nimemwandikia na Mzee Polepole, nimemwambia mwanangu fundi amekagua.

Jirani ameniomba nimtengenezee kigoda. Amesema atangoja gundi ikauke kwanza, hata iwe mwaka.

Mama yenu,
Mama Mashoto.